Wenye maumivu sugu ya mgongo wapewe mkeka

Mtu akilalamikia mgongo, kwetu ushauri haukosekani: lalia godoro gumu, usibebe ndoo, tafuta mtu akuchue, vaa mkanda wa kiunoni. Akifika hospitali anaongezewa vidonge vya kutuliza maumivu, na mwenye uwezo anapigwa picha ya MRI. Ikipita miezi mitatu na maumivu bado yapo, yanaitwa sugu, na kuanzia hapo wengi huachwa wapambane na hali yao. Mimi naona hapo ndipo mgonjwa anapostahili kupewa mkeka na mwalimu wa kumwongoza. Ndiyo, nazungumzia yoga, yale mazoezi yenye asili ya India ya kujinyoosha huku ukiongoza pumzi.

Sitegemei masimulizi ya walimu wa yoga. Ninaegemea utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017. Walishiriki watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wengi wao wenye kipato kidogo, wagonjwa wa hospitali na vituo vya afya vinavyohudumia watu wa kawaida wa mji ule. Kundi moja lilihudhuria darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12. La pili lilipata fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ya mtu mmoja mmoja, miadi 15. La tatu lilipewa kitabu cha maelezo tu. Yoga haikuachwa nyuma na fiziotherapia katika kupunguza maumivu wala katika kumrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi zake, na katika makundi yote mawili, waliohitaji dawa za maumivu walikuwa wachache kuliko katika lile la kitabu.

Nimeukazania utafiti huu kwa sababu ya watu waliohusika. Tumezoea kuona yoga kama starehe ya wenye nazo, na miji yetu imeyathibitisha hayo kwa bei za madarasa yake. Boston ilionyesha kwamba mwenye kipato kidogo naye akifikishiwa darasa, mgongo wake unapata nafuu.

Nafuu, lakini, si muujiza. Uingereza nako, katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha watu 313, waliofanya yoga waliweza kuutumia mgongo wao vizuri zaidi hata baada ya mwaka mzima, ingawa kiwango chenyewe cha maumivu hakikutofautiana sana na cha wenzao wasiopewa yoga. Wapo watakaosema basi haina maana. Siafikiani nao hata kidogo. Dodoso lililotumika kuwapima linauliza mambo kama haya: je, unapanda ngazi polepole kwa sababu ya mgongo? Unapata shida kuvaa soksi? Kwa mama anayeinama kufua au fundi cherehani anayekaa kutwa nzima, kuweza kuinama na kuinuka bila kumwita mtu ni sehemu kubwa ya uzima.

Sasa suala la dini, maana najua lipo na silidharau. Waislamu na Wakristo wengi wanahofia kwamba yoga itawaingiza katika ibada isiyo yao. Kwao kuna habari njema kutoka Seattle, Marekani, ambako watafiti waliwalinganisha watu 228: wengine yoga, wengine mazoezi makali kiasi ya kunyoosha misuli, wengine kitabu. Yoga na kunyoosha misuli vilikwenda sawa, na vyote viwili vilikishinda kitabu. Kwa hiyo ambaye dhamiri yake inamkataza yoga asifanye, anyooshe misuli chini ya mwalimu. Asikae tu.

Kukaa ndiko kunakotumaliza. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna ugonjwa mahususi unaoonekana, na hata diski (zile tabaka laini kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa huonekana kwenye picha za watu wasioumwa kabisa. Anayeumwa anaogopa kujikunja, misuli inalegea, viungo vinakakamaa, na kila jaribio la kuinama linauma kuliko la jana. Darasa zuri linaukata mzunguko huo taratibu: unalala chali na kuvuta goti kifuani, unapiga magoti na kuweka mikono chini ukiupinda mgongo juu na chini, huku pumzi ikitawala mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 nao unaweka mazoezi kati ya tiba za maumivu haya, na haupendekezi ile mikanda tunayouziana.

Tahadhari zipo. Ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa isiyozuilika, miguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda bila sababu: hayo ni ya daktari, leo hii. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na mkeka hautakitibu. Hata kwa wasio na dalili hizo, wapo ambao maumivu huongezeka kwa muda, ndiyo maana mwalimu anayekusukuma mgongo kwa nguvu ni wa kukimbiwa.

Ombi langu ni kwa waganga wakuu wa wilaya na kwa mifuko ya bima ya afya. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na foleni zao ni ndefu. Mtaalamu mmoja akifundishwa kuendesha darasa la kikundi, anaweza kuhudumia wagonjwa kadhaa kwa saa moja, ukumbini au hata barazani, mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Bima inayolipia picha na sindano ilipie na darasa hilo.