Karatasi Moja, Maziwa Mawili

Kila mzozo wa Kenya na Uganda kuhusu Migingo, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, unaporudi kwenye habari, mazungumzo ya hapa Mwanza, kuanzia mwaloni Kirumba, samaki wanaposhushwa, hadi kwenye vijiwe vya kahawa, hugawanyika pande mbili. Wako wanaosema kwamba hayo ni ya majirani, kwa kuwa mpaka wetu ziwani umenyooka na hauna wa kuubishia. Wengine husema mipaka yote hii ni ya wakoloni, mvuvi hakuulizwa, na kwa hiyo haimhusu. Kila kauli ina ukweli wake. Tatizo ni kwamba Watanzania huitumia ya kwanza tunapolizungumzia Ziwa Victoria na ya pili tunapolizungumzia Ziwa Nyasa, ilhali mipaka ya maziwa hayo mawili imetoka katika karatasi moja.

Karatasi yenyewe ni mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Kifungu chake cha kwanza kinaeleza eneo la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Upande wa kaskazini, mstari unatoka mdomo wa mto Umba, unapita Ziwa Jipe na kufika ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria penye digrii moja kusini mwa Ikweta, kisha unakata ziwa kwa kuifuata digrii hiyo hiyo na kuendelea nchi kavu upande wa magharibi. Ndiyo maana Tanzania ina karibu nusu ya ziwa, Uganda zaidi kidogo ya asilimia 40, na Kenya imeachiwa asilimia 6 tu. Upande wa kusini, kifungu hicho hicho kinausukuma mstari hadi Ziwa Nyasa, lakini pale hakikati maji. Kinafuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka mdomo wa mto Songwe. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa maandishi yale, mtu wa Mbamba Bay, upande wetu wa ziwa, anayechota maji ya kunywa anachota maji ya jirani.

Hapo ndipo inaposimama Malawi, inayodai maji yote hadi ukingo wetu, na lazima tukiri kwamba imesimama mahali pagumu kumng'oa mtu. Mwezi Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolitetea azimio hilo kwa nguvu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, ni yeye huyo aliyetangaza kwamba mpaka wa Ziwa Nyasa unapita katikati ya maji. Tena Tanzania imewahi kumwaga damu kuutetea mkataba wa 1890. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo lililo kati ya mto Kagera na mpaka wa Mutukula, na hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili na wa haki kuliko mstari uliochorwa na Wazungu. Tulimjibu kwa vita. Mstari tuliourudisha ni ile digrii moja inayotoka ziwani. Mmalawi akituuliza kwa nini mstari wa Wazungu ni mtakatifu Kagera na batili Nyasa, swali lake si la ukorofi.

Wapo wanaojibu kwamba Tanzania ina desturi ndefu ya kukataa mikataba ya wakoloni, nao hutaja makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929. Mfano huo unastahili kupimwa vizuri, kwa sababu sisi wa kanda hii tumenufaika nao moja kwa moja. Makubaliano ya 1929 yalizitaka nchi zilizokuwa chini ya Uingereza zisiguse maji ya Nile na maziwa yake kwa namna itakayoipunguzia Misri bila ridhaa yake. Mwaka 1962 Tanganyika iliandika kwamba haifungwi nayo, na baadaye serikali ikajenga mradi uliochota maji Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Lakini sheria ya kimataifa inatofautisha mkataba unaompa mtu kibali au kumwekea katazo na mkataba unaochora mpaka. Ule wa kwanza nchi mpya inaweza kuukataa. Ule wa pili unairithi. Msimamo wa Nyerere kuhusu urithi wa mikataba ulifuata kanuni hiyo hiyo, kwani haukuigusa mipaka. Kwa hiyo Ihelele haitusaidii Nyasa, na anayevichanganya viwili hivyo anaidhoofisha kesi yetu bila kujua.

Je, kesi ya Tanzania kule kusini ni dhaifu kabisa? Sidhani. Mkataba wa 1890 wenyewe, katika kifungu cha sita, uliruhusu mistari yake irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali husika, na ziko baadhi ya ramani za Waingereza wa enzi za udhamini wa Tanganyika zinazoonyesha mpaka katikati ya ziwa. Iko pia hoja ya maumbile, ambayo kwangu ina uzito kuliko ramani: ukingo wa ziwa hautulii. Sisi tuliona jambo hilo hapa mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kuivunja rekodi ya 1964 na kumeza nyumba, mashamba na sehemu za mialo. Mpaka wa digrii moja haukusogea hata hatua. Mpaka wa ukingoni ungeingia jikoni kwa watu. Na mfano wa kurekebisha upo katika Ziwa Nyasa lenyewe. Upande wa Msumbiji nako mpaka ulikuwa ukingoni, hadi Ureno na Uingereza zilipokubaliana mwaka 1954 kuupeleka katikati, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji.

Tuangalie neno linalobeba mfano huo: zilikubaliana. Ureno haikusema kwamba mstari wa zamani ni batili. Ilikaa mezani ikapata mpya. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba njia ya Nyasa ni kuukana mkataba wa 1890. Tukiukana kule, tumeulegeza huku, na huku ndiko tulikopata zaidi. Kenya yenye asilimia 6 haijafungua mjadala wa kugawa upya Ziwa Victoria, nami sioni faida ya kuitengenezea hoja.

Sasa turudi Migingo, mwamba wa takriban nusu ekari ulioezekwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, kama kilomita 13 tu kaskazini mwa mpaka wetu. Mpaka wa Kenya na Uganda ziwani ulielezwa na serikali ya Uingereza mwaka 1926, nao unapita kwa kutaja visiwa, kuanzia Piramidi, hadi mdomo wa mto Sio. Ukiusoma pamoja na ramani, Migingo unaangukia upande wa Kenya, na mwaka 2009 Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila akashikilia kwamba maji yaliyo hatua chache magharibi ni ya Uganda na ndiko samaki waliko. Wakenya wengi waliicheka kauli hiyo. Mimi naiona kuwa kauli ya kweli kuliko zote zilizotolewa katika mzozo ule, kwa sababu iliweka wazi kinachogombewa. Hakuna mtu aliyekwenda Migingo kutafuta nusu ekari ya mawe. Watu walifuata sangara.

Kuhusu hoja kwamba wavuvi waliokaa mahali miaka mingi wanaligeuza eneo kuwa la nchi yao, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishaijibu katika mazingira yanayofanana sana na yetu. Ziwa Chad lilipokuwa likikauka, wavuvi wa Nigeria waliyafuata maji hadi wakavuka mpaka, wakajenga vijiji kama Darak, na serikali yao ikawafuata kwa huduma. Hukumu ya tarehe 10 Oktoba 2002 iliipa Kamerun eneo hilo kwa msingi kwamba makazi hayawezi kuishinda hati ya mpaka. Wenye haraka ya kupandisha bendera juu ya miamba wangefanya vizuri kuisoma.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiazime sheria za bahari, zenye vipimo vinavyojulikana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani maili 12 za baharini za maji ya mamlaka yake na maili 200 za ukanda wa kiuchumi. Mkataba huo haugusi maziwa, na hata ungegusa usingetufaa, kwa kuwa ziwani hakuna bahari kuu ya kugawana kilichobaki: panapoishia pa mmoja ndipo panapoanzia pa mwingine. Lakini tofauti kubwa zaidi iko kwenye mali yenyewe. Kesi ya Somalia dhidi ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2014, ilihusu eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 linalodhaniwa kuwa na mafuta na gesi. Kenya ilitaka mstari unyooke kuelekea mashariki kwa kufuata latitudo, kama ilivyokubaliana na Tanzania kwa barua za 1975 na 1976. Somalia ilitaka mstari wa kati unaofuata mwelekeo wa pwani. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama iliuchukua mstari wa kati, ikausogeza kidogo kaskazini kwa kuzingatia jinsi pwani inavyopinda kuanzia Somalia hadi Tanzania. Sehemu kubwa ikaenda Somalia, na Kenya ikaikataa hukumu. Pamoja na uchungu wote huo, mstari ule una maana, kwa sababu kisima cha mafuta hakihami. Sangara anahama. Hukua kwenye ghuba zenye maji ya kina kifupi, akipevuka huingia kilindini, na hakuna nchi kati ya zetu tatu inayoweza kusema kwamba samaki aliyemvua alizaliwa kwake.

Mvuvi naye anahamishwa na upepo. Mtumbwi unaotega nyavu za kuelea usiku mbali kaskazini mwa Ukerewe unaweza kuvuka mstari wa digrii moja bila yeyote ndani yake kupiga kasia. Kule juu hakuna boya wala taa inayoonyesha Uganda inapoanzia. Mwenye simu yenye ramani anaweza kujua alipo, ila kujua hakuzirudishi nyavu zilizokwisha kusukumwa. Akikamatwa, anayepoteza injini ni tajiri aliyebaki mwaloni, na anayelala ndani ni kijana aliyeahidiwa mgawo wa samaki wa usiku mmoja.

Kwa sababu hizo wapo wanaopendekeza ziwa lifunguliwe, mvuvi wa Afrika Mashariki avue popote. Pendekezo hilo linavutia, na sina hakika kwamba wanaolitoa wamelifikiria hadi mwisho. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994 ili kanuni za nchi tatu zilingane, lakini kulingana kwa kanuni si kulingana kwa usimamizi. Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, nyavu haramu zikachomwa na watu wengi wakaumia kimaisha. Huwezi kumwambia aliyechomewa nyavu zake kwamba kesho jirani ataingia na nyavu zile zile. Tena mtaji haulingani, na bila mpaka wa kumzuia, mwenye mitumbwi mingi yenye injini na barafu ndiye atakayefika kwanza kwenye kina cha Muleba, huku mwenye kipe, mtumbwi mdogo wa kasia, akibaki kutazama. Mpaka, pamoja na ubaya wake wote, humlinda mdogo pia.

Kwa hiyo siungi mkono kuufuta mstari, wala siungi mkono kuufanya ukuta. Ninachokitaka ni kutenganisha umiliki na matumizi, na kwa bahati mkataba ule ule wa 1890 umeshapimwa mahakamani kwa namna hiyo. Botswana na Namibia ziligombea kisiwa kilicho katika mto Chobe, Namibia wakikiita Kasikili na Botswana wakikiita Sedudu, na mpaka wa pale umeandikwa katika kifungu cha tatu cha karatasi hiyo hiyo ya Berlin. Tarehe 13 Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa iliipa Botswana kisiwa, kisha ikasema kwamba vyombo vya nchi zote mbili vitapita kwenye mikondo inayokizunguka bila ubaguzi, kwa sababu nchi hizo zenyewe zilikuwa zimeahidiana hivyo. Hakuna aliyepoteza mpaka, na hakuna aliyefungiwa mto.

Kwa Ziwa Nyasa, ambako usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano ulioanza baada ya mvutano wa utafutaji mafuta wa 2011 na 2012 haujazaa mpaka unaokubaliwa na wote wawili, hilo lingemaanisha kuanza na haki za matumizi kwa watu wa wilaya za Kyela, Ludewa na Nyasa, yaani uvuvi, usafiri na maji ya kunywa, zikiwa zimeandikwa na kutiwa saini, kabla ya kurudi kubishana mstari upite wapi. Kwa ziwa letu lingemaanisha ukanda mwembamba pande zote za digrii moja ambamo mtumbwi uliosajiliwa katika mwalo unaojulikana, wenye nyavu halali, hautakamatwa kwa kosa la kusukumwa na upepo, na anayekutwa na sangara wa chini ya sentimita 50 anashtakiwa bila kujali ametoka Kalangala au Ukerewe. Upana wa ukanda huo wapewe kazi ya kuupima wavuvi wanaojua upepo wa usiku unasukuma nyavu umbali gani.