Acheni Pengo Wazi, Kinda Apate Namba

Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki wote tunaimba wimbo mmoja: tuletewe winga, tuletewe kiungo, tuletewe straika wa kumaliza mechi. Nami ni shabiki, raha ya kumwona mgeni kashika jezi mpya mbele ya kamera naijua vizuri. Ila kuna usajili mmoja unaonikera kila nikiusikia, nao ni ule wa mchezaji wa wastani, miaka 29 hivi, anayeletwa "kuongeza upana wa kikosi". Huyo hatakuwa nyota, wala hatauzwa kwa faida. Kazi atakayoifanya bila shaka yoyote ni kumkalia kinda namba.

Nasema hivi: timu inayotaka kweli kukuza vipaji iache nafasi moja au mbili bila mzoefu wa akiba, na iache kwa makusudi. Ile ahadi ya "tutampa nafasi akijituma mazoezini" kila kocha anayo mdomoni, na wapo vijana waliozeeka nayo. Lakini siku beki wa kushoto akivuta msuli, na nyuma yake hakuna mtu ila kijana wa miaka 18, kocha hana pa kukimbilia. Atamwita. Kesho yake atamwita tena, maana msuli hauponi kwa siku moja.

Tazama Manchester United ya mwaka 1995. Katika kiangazi kile kocha Alex Ferguson aliwaachia Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, watu watatu wa kikosi cha kwanza, na hakuna jina kubwa lililoletwa kuziba pengo. Mechi ya kwanza ya ligi wakapigwa 3-1 na Aston Villa. Jioni ile mchambuzi Alan Hansen akasema kwenye runinga kwamba huwezi kushinda chochote ukitegemea watoto, na kwa matokeo ya siku hiyo nani angembishia? Msimu ulipokwisha, David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt na akina Neville, Gary na mdogo wake Phil, walikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya vipaji. Vipaji vilikuwepo, sawa. Lakini baadhi ya vijana wale walishatwaa Kombe la FA la Vijana mwaka 1992, na wengi wao bado walikuwa wakiingia na kutoka, mechi hii wamo, ile hawamo. Kilichobadilika 1995 ni kwamba wenye namba walikuwa wameondoka. Ferguson angemleta kiungo mmoja wa maana badala ya Ince, Butt angesubiri mwaka mwingine, na winga mmoja badala ya Kanchelskis, Beckham vivyo hivyo. Mwaka mmoja kwa kijana wa miaka 20 ni mwingi sana.

Chelsea ya 2019/20 inanishawishi hata zaidi, kwa sababu pale hakuna aliyeamua kuwa jasiri. FIFA ilikuwa imeifungia klabu kusajili, Eden Hazard kauzwa Real Madrid, na kocha mpya Frank Lampard akaingia ofisini akikuta milango ya sokoni imefungwa. Akafanya alichoweza. Mason Mount akacheza mechi 37 kati ya 38 za ligi. Tammy Abraham akafunga mabao 15 ya ligi. Reece James na Fikayo Tomori wakapata dakika ambazo klabu ile, kwa mazoea yake, ingewapa watu wa kununuliwa. Timu ikamaliza nafasi ya nne. Mei 2021, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Porto, pasi iliyomfungulia Kai Havertz njia ya bao pekee ilitoka mguuni kwa Mount, na James alianza mechi hiyo pia. Haya, tuulizane: bila adhabu ya FIFA, Mount angecheza mechi 37? Mimi nasema asingefika 15. Angepelekwa kwa mkopo tena, na angerudi kukuta kiungo mpya kanunuliwa.

Barcelona nako ni yale yale. Hela zilipokauka hadi Lionel Messi akaondoka Agosti 2021, klabu iligeukia La Masia, akademi yake ya vijana, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Lamine Yamal akaingizwa kwenye mechi ya ligi Aprili 2023 akiwa na miaka 15. Pau Cubarsí akaanza kutumika Januari 2024 akiwa na 16, beki wa kati, nafasi ambayo makocha hudai haichezwi na mtoto. Msimu wa 2024/25 wakawa mabingwa wa Hispania. Sisemi umaskini ni sera nzuri ya usajili. Ninachosema ni kwamba vipaji hivi vilikuwa ndani ya nyumba muda wote, na fedha ndizo zilizokuwa zikivifunika.

Sasa, pengo haliachwi popote tu. Hapa ndipo makocha wengi wanaojiita walezi wa vijana huharibu, na lawama zinaishia kwa watoto. Ferguson aliwaingiza vijana katikati ya Peter Schmeichel, Steve Bruce, Gary Pallister, Denis Irwin na Roy Keane. Kijana alipopoteza mpira pembeni, nyuma yake kulikuwa na watu wazima wa kusafisha. Ukimwingiza kinda kwenye safu ambayo kila mtu ni kinda, kosa lake la dakika ya kumi linakuwa bao, na Jumatatu magazeti yanaandika kwamba hajakomaa.

Real Madrid walitufundisha upande wa pili wa jambo hili mwaka 2003. Walimleta Beckham na kumwachia Claude Makélélé aende Chelsea. Yule alikuwa kiungo mkabaji asiyefunga wala kupiga chenga za kuonyeshwa kwenye matangazo, kazi yake ilikuwa kuokota mipira na kumpa aliye karibu. Hawakuuona ubingwa wa ligi tena hadi 2007. Kwa hiyo mtu akiniuliza pengo liachwe wapi, nitamwambia aanze na winga, kiungo mshambuliaji au beki wa pembeni, mahali ambapo kosa linaweza kufutwa na mwenzake. Uti wa mgongo wa timu usiuchezee. Kipa, beki wa kati mmoja, kiungo mkabaji, hao lipa fedha yoyote. (Cubarsí anavunja kanuni yangu, najua. Kila kanuni ina Cubarsí wake.)

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni dakika za lala salama. Tangu 2020, sheria ya kubadilisha wachezaji watano ilipoanza kutumika kwa ajili ya janga la korona, na baadaye kuwa ya kudumu, tuliambiwa vijana ndio watakaofaidi. Kwenye karatasi wamefaidi kweli. Angalia lakini wanavyoingia. Timu inaongoza 1-0, dakika ya 87. Kocha anamwita winga wa miaka 19, anamshika bega, anamwonyesha kidole upande ambako beki wa wapinzani anapanda. Kijana anaingia akikimbia. Mpira wa kwanza anaugusa kwa kichwa, kuuondoa kwenye kona. Wa pili anaupata pembeni, yuko peke yake, wenzake wote wamerudi nyuma kulinda goli. Anajaribu kumpita beki, ananyang'anywa. Benchi zima linasimama kumfokea: mbona hukwenda nao kwenye kibendera cha kona kupoteza muda! Filimbi. Kwenye rekodi yake imeandikwa mechi moja.

Kesho yake shabiki anaandika: "Tumempa nafasi, hakuna kitu." Nafasi ipi? Winga anapimwa kwa kumkabili beki yule yule mara sita, mara saba, ashindwe tatu, ajue beki anaegemea mguu gani, kisha kipindi cha pili amwadhibu. Huwezi kumjua kwa dakika tatu za kuondosha mipira. Mechi tano kamili mfululizo zinaonyesha zaidi kuliko mechi thelathini za kuingia jioni, na afadhali kijana acheze hizo tano zote kisha akae, kuliko kuchovyachovya msimu mzima.

Kumbukumbu za soka zimejaa watu waliohukumiwa kwa makombo. Winga Serge Gnabry alipelekwa West Bromwich Albion kwa mkopo msimu wa 2015/16 akacheza mechi moja tu ya ligi, tena akitokea benchi. Kiangazi hicho hicho cha 2016 akaenda Olimpiki ya Rio akiwa na timu ya Ujerumani, akafunga mabao sita. Oktoba 2019, akiwa Bayern Munich, akaifunga Tottenham mabao manne kwenye uwanja wao. Na nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja Mei 2013, Leicester City walipokwenda Watford, walikuwa na Harry Kane na Jamie Vardy benchi, washambuliaji ambao baadaye kila mmoja alikuja kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya England. Wote wawili! Kane alihitaji mikopo minne na washambuliaji wa bei waliogoma kufunga ndipo Tottenham wakamwachia namba msimu wa 2014/15, akajibu kwa mabao 21 ya ligi. Pengo tena, unaona.

Mikopo yenyewe siipingi, ila ipangwe. Kiungo Martin Ødegaard wa Norway alisajiliwa na Real Madrid Januari 2015 akiwa na miaka 16, dunia nzima ikipiga picha, na mwaka huo huo akaingia uwanjani kumpokea Cristiano Ronaldo. Baada ya hapo akakwama. Kilichomtengeneza hakikuwa jina la Madrid mgongoni. Ni Heerenveen, Vitesse na Real Sociedad, timu ambazo Jumamosi ikifika jina lake limo kwenye kikosi cha kuanza bila mjadala. Arsenal walimpata akiwa tayari mchezaji, wakampa unahodha 2022. Kumpeleka mtoto kwa mkopo kwenye timu ambayo kocha wake hakumwomba ni kumhamisha benchi tu. Kabla ya kusaini, klabu iulize swali la kipuuzi kabisa: nani mwingine anacheza nafasi yake huko? Wakitaja watu wawili, asiende.

Nitajibiwa kwamba mtoto akichezeshwa sana anaharibika. Kweli kabisa, na wanaosema hivyo huwa na mfano wa Pedri, kiungo wa Barcelona, mkononi. Msimu wa 2020/21, akiwa na miaka 18, alicheza zaidi ya mechi 70 ukijumlisha klabu, Euro na Olimpiki ya Tokyo, na msimu uliofuata misuli ikamgomea. Ule haukuwa mpango wa kukuza mtu, ulikuwa uroho. Lakini tusitumie Pedri mmoja kuwanyima dakika mia wengine ambao shida yao ni kusugua benchi hadi wanasahau mechi inavyopumua. Kati ya dakika 150 na dakika 5,000 kwa msimu kuna nafasi kubwa sana ya kutumia akili.

Na sisi majukwaani tuna sehemu yetu, tusimsukumizie kocha kila kitu. Mkongwe akipoteza pasi tatu, tunasema leo si siku yake. Kinda akipoteza pasi mbili, uwanja mzima unaguna, na yeye anasikia. Pasi ya tatu hatajaribu kuipeleka mbele, atairudisha kwa beki, salama. Hapo ndipo tunapomuua mchezaji tuliyempenda kwa sababu alikuwa akithubutu. Kocha naye anasikia mguno ule ule, na ajira yake inahesabiwa kwa mechi tano, si kwa misimu mitano, kwa hiyo Jumapili ijayo anamrudisha mkongwe. Simlaumu sana. Ndiyo maana naona uamuzi wa kuacha pengo usiwe wa kocha peke yake. Uwe wa klabu, uandikwe kwenye mpango wa usajili kabla msimu haujaanza: nafasi hii hatununui mtu miaka miwili, na kocha akifukuzwa, anayekuja anaikuta hivyo hivyo.

Wapo watakaoshindwa, tena wengi. Kijana atapewa mechi kumi na mbili na itaonekana wazi kwamba kasi ya ligi kuu haiwezi. Basi, auzwe, aende daraja la chini akacheze kila wiki, na klabu iwe imejua kwa gharama ya msimu mmoja badala ya mkataba wa miaka minne wa yule bwana wa miaka 29. Huyo naye, tukumbushane, mara nyingi hushindwa vile vile, ila kushindwa kwake tunakuita uzoefu.

Dirisha lijalo, kabla hatujaanza kupiga kelele za winga mpya, tuchukue orodha ya kikosi tuangalie ni nani wa tatu kwenye kila nafasi, ana umri gani na msimu uliopita alianza mechi ngapi. Akiwa ni mtoto wa akademi mwenye mechi sifuri, mimi sitaki winga. Nataka aliye wa pili auzwe.