Meditesheni inaonyesha hasira ilivyo, haisemi ilikotoka

Wanaoipigia debe meditesheni husema anayekaa kimya akifuatilia pumzi zake huijua nafsi yake. Dai hilo limebeba mambo mawili kwa mpigo: kuona hisia inavyokwenda na kujua chanzo chake.

La kwanza nalikubali. Umefumba macho, unafuata pumzi, mara linakurudia neno baya mtu alilokutolea mbele za watu. Kabla hujajua kwamba umekasirika, taya zimeshakaza, kifua kimepata joto, na kichwani unatunga jibu ambalo ungempa. Siku nyingine ungezama kwenye jibu hilo. Hapa unatakiwa kurudi kwenye pumzi tu, na katika kurudi unabaini kwamba mwili ulitangulia, maneno yakafuata. Aliyezoea kuona hivyo huidaka hasira ingali changa, hata katikati ya mabishano.

Nafuu nayo ipo. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha katika jimbo la Massachusetts programu iliyoingiza zoezi hili hospitalini, na mapitio ya majaribio 47 yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014 yalikuta linapunguza wasiwasi na sonona kwa kiasi. Lakini kupata nafuu si kujijua. Hata usingizi mzuri huleta nafuu.

Kwenye chanzo ndipo ninaposita. Mwaka 1977 wanasaikolojia Nisbett na Wilson walionyesha kwamba watu hutoa sababu za matendo yao kwa uhakika mkubwa ilhali kilichowasukuma ni kingine kabisa. Je, ukimya unatibu hilo? Kuna utafiti wa mwaka 2008 unaonikaa kichwani: wazoefu wa meditesheni walitakiwa kuhisi mapigo ya moyo wao wenyewe. Hawakuwapita wasioifanya. Walichowazidi ni kujiamini, maana walijiona wamefanya vizuri zaidi.

Mtetezi atasema moyo si hisia, na kipimo kimoja hakitoshi. Ni kweli. Mimi hata hivyo naogopa kule kujiamini. Mtu anainuka kwenye mkeka akitangaza kwamba wivu wake umekwisha, na mkewe, anayeulizwa kila siku alikuwa wapi, hana habari hiyo. Na kwa waliopitia mambo mazito, kukaa peke yao na kumbukumbu zao kunaweza kuwafufulia hofu. Hao wanahitaji mshauri nasaha karibu, wala si dakika zaidi za ukimya.