Hon Hai, Mwizi wa Waifai

Ijumaa ile mtandao ulikuwa unajikokota kama bajaji mbovu kwenye mlima. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai, kwa anwani ile ya 192.168.1.1, nione nani ananinyonya. Vifaa sita. Simu yangu, simu ya mke wangu, runinga, kompyuta, tableti ya mtoto. Cha sita kimeandikwa "Hon Hai Precision".

Hon Hai? Nyumba nzima, pale Sinza, hakuna mtu wa jina hilo. Nikajua papo hapo: ni yule kijana wa jirani, kila jioni kaegemea ukuta wetu kainamia simu. Lazima ni simu ya Kichina hiyo. Nywila kaipata wapi sikujiuliza sana, maana nywila yenyewe ilikuwa namba yangu ya simu. Nikambonyezea Hon Hai "zuia", nikalala usingizi wa aliyekamata mwizi wa kuku.

Asubuhi nikamkuta palepale ukutani.

"Vipi, mtandao unakamata leo?"

"Shikamoo kaka. Mtandao gani?"

Nikamgeukia mke wangu: unaona anavyojikausha?

Jumamosi saa tatu usiku ndiyo siku yangu ya mpira na binamu yangu aliyeko Muscat, ambako ni saa nne. Nawasha PS4, mashine yangu ya gemu, haiungani na waifai. Nazima, nawasha. Nazima ruta, nahesabu hadi thelathini, nawasha. Nabadilisha DNS, ile inayotafuta anwani za tovuti, naweka 8.8.8.8 kama nilivyowahi kusikia kwa wajuzi, ingawa kama mashine haijaingia hata mlangoni, DNS itaisaidia nini? Binamu anatuma ujumbe: "Unaogopa kipigo?" Nampigia mtoa huduma, kijana wa watu ananiambia laini yangu haina tatizo hata kidogo. Nikamjibu vibaya. Anisamehe.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kununua waya wa LAN, ule wa kuchomeka mashine moja kwa moja kwenye ruta, mita kumi. Nikautandaza kutoka ruta ya sebuleni, ukakatiza mlango, ukapita koridoni hadi chumbani gemu linakoishi kwa amri ya mke wangu. Nachomeka tu, mtandao huo! Basi nikatoa hukumu kama daktari: waifai ya PS4 imekufa.

Nilichosahau ni kwamba mama mkwe alikuwa njiani kutoka Tanga. Jioni mimi niko dakika ya themanini, naongoza mbili kwa moja, yeye anatoka jikoni na bakuli la mchuzi wa kuku wa nazi. Kandambili yake ikanasa waya. Bakuli likaenda kwao, ruta ikaruka kutoka dirishani ikatua kwenye kochi, paja la kuku likaifuata. Mama mwenyewe alishika pazia, Mungu mkubwa, hakuanguka.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "hii kamba mmemfungia mbuzi gani humu ndani?"

Waya ulitolewa usiku ule ule. Sikuutoa mimi.

Jumatatu nikabeba PS4 kwa fundi. Akawasha hotispoti ya simu yake, mashine ikaungana mara moja. Akanitazama.

"Bro, mashine nzima hii. Kwenye ruta yako hujazuia kifaa chochote?"

"Nimezuia mwizi mmoja tu, anaitwa Hon Hai."

Alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Akanifungulia mipangilio ya PS4, akanionyesha anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao. Tarakimu za mwanzo, akasema, zinamtaja aliyetengeneza kifaa, na Hon Hai ni kampuni ya Taiwan, ndiyo hiyohiyo Foxconn inayounganisha mpaka simu za iPhone. Nikatoa picha ya skrini niliyompiga mwizi kwenye mipangilio ya ruta siku ya ushindi wangu. Anwani ileile, herufi kwa herufi. Na waya ulipita kwa sababu tundu la LAN lina anwani yake nyingine. Elfu kumi ya uchunguzi nikalipa bila kubishana.

Nikarudi kumtafuta kijana wa jirani nimwombe radhi. Nikamkuta ukutani, simu mkononi. Kiswaswadu cha batani, anacheza gemu la nyoka. Ukuta wetu, akanieleza, ndio wenye kivuli.

Nyumbani PS4 imeshapoteza jina lake. "Mzime Hon Hai, chakula tayari." Na juzi mama mkwe kapiga simu kutoka Tanga, kasalimia wote mmoja mmoja, kisha kamuuliza binti yake kwa sauti ya chini:

"Na yule Mchina wenu, bado mnaishi naye?"