Uswisi mlima unasomwa kila siku, kwetu tunausubiri ushuke

Ndugu zangu wakisikia naishi Graubünden, mashariki ya Uswisi, swali la kwanza huwa baridi. Baridi unavaa koti, yameisha. Kinachonigusa ni namna wenyeji wa huku wanavyoufuatilia mlima.

Majira ya theluji, kila saa 11 jioni, SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyopo Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, ngazi 1 hadi 5. Haiishii kwenye namba. Inataja miteremko inayoelekea upande gani, kuanzia mwinuko wa mita ngapi, na sababu: labda upepo umerundika theluji mpya, au chini kuna tabaka la zamani la punje zisizoshikana, kama sukari, nalo limebebeshwa theluji nzito. Hapo uzito wa mtu mmoja mwenye skii unatosha kuliachia bamba zima la theluji liporomoke. Wengi wanaofukiwa huwa wameliachia wenyewe au wenzao, na wengi hufa siku za ngazi ya 3, si ya 5. Ya 5 inatisha, watu hubaki ndani. Ya 3 mtu anajiambia leo panapitika. Hapa Wazungu wananishinda: taarifa wanayo, koleo mgongoni, kifuani kifaa cha redio cha kuwatafutia wakifukiwa, na bado wanapanda. Kwa starehe!

Watu wa Katesh, kwetu Tanzania, mkoani Manyara, hawakufuata starehe yoyote. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 baada ya mvua kubwa, tope na mawe ya Mlima Hanang viliwafuata majumbani, wakafa zaidi ya 80.

Mtaniambia Uswisi wana hela. Wanazo. Lakini taarifa ile inategemea pia watu wapatao 200 waliofunzwa kupima theluji huko huko wanakoishi. Kipimo cha mvua ni chombo rahisi kuliko hivyo. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mikoa, na Manyara ni kubwa. Anayelala chini ya korongo anataka kujua huko juu yake imenyesha kiasi gani tangu jana. Mimi ningeanza na walimu wa shule za msingi zinazouzunguka Hanang. Wapo kila siku, daftari wanalo, simu wanazo. Walipwe posho, tena kwa wakati, na vipimo vyao visomwe redioni jioni, kabla watu hawajalala.