Bunda la Milioni na Pangaboi la Namba Tano

Klipu mmeshaiona, najua. Rafiki yangu mmoja, ambaye kuanzia leo ni jirani tu, ameirusha kwenye magrupu yote mpaka lile la maombi, na juu yake kaandika kwamba nimekutwa na noti bandia na kwamba nililia. Noti bandia sikuwa nazo. Na yale hayakuwa machozi. Vumbi la tona likikuingia jichoni, hata wewe utatoa maji. Tulieni basi mpate habari kutoka kwa mwenye bunda.

Chanzo ni yule mwenzetu tuliyesoma naye, aliyeko Dubai. Ukifungua simu asubuhi unakutana na mkono wake kwenye usukani, saa inang'aa, chini ameandika "Mungu ni mwema". Mungu ni mwema kwetu sote jamani, sema kwake anakuwa mwema na kiyoyozi juu. Ikaanza kuniuma. Mnaojidai haijawahi kuwauma, pitieni tu kama hamkuona.

Nikaanza taratibu, kwa picha. Kuna mteja alikuja steshenari kwangu hapa Mbagala kutoa kopi ya bima, akaegesha Crown nyeupe mlangoni. Kwa wasiojua kazi hii: usipige picha na teksi, kibao chake cha namba ni cheupe, na watu wa mjini wanasoma namba kabla ya sura yako. Gari la mtu binafsi kibao chake ni cha njano, hicho ndicho unachokitaka kionekane. Simama upande wa dereva, kiwiko juu ya paa, uso uelekee barabarani kama mtu aliyechoka kuwa na gari. Kitasa usikiguse. Mimi nilikigusa, alamu ikalia mtaa mzima, lakini picha haina sauti, nikaiweka status hivyohivyo.

Kijumbe wetu, anayekusanya pesa za mchezo wa kupeana, nilishamficha asione. Hapo mnielewe vizuri: mchezo wetu ni wa watu kumi, elfu hamsini kwa wiki, na laki tano zangu nilizibeba mapema. Wiki mbili sijatoa, nimemwambia kijumbe biashara imelala. WhatsApp ina sehemu ya kuchagua nani asione status yako, nikamweka humo pamoja na mwenye nyumba. Sasa chini ya picha mtu akauliza, "Gari tumeliona, mkwanja uko wapi?" Nikasema wacha niwaonyeshe, laivu, Facebook. Ambako nilikuwa nimeacha "Watu wote". Kijumbe naye ni watu.

Bunda nililitengeneza mwenyewe, na kwa hili siombi radhi, lilikuwa kazi safi. Milioni moja ni wekundu mia moja wa Msimbazi. Mimi nilikuwa nao wawili. Mmoja unakaa juu, mmoja chini, katikati unahitaji vipande tisini na nane. Karatasi ya A4 ukiikata katikati ya urefu wake, halafu kila nusu ukaigawa sehemu tatu, inakupa vipande sita. Karatasi kumi na saba zinatosha na vinabaki vinne vya kufidia vilivyopinda. Usikate karatasi mpya ukaacha kingo nyeupe pee, kamera inazinasa. Bana bunda lote kwenye koleo, pitisha sponji yenye chai ya rangi kwenye kingo, anika. Chai isiwe na sukari, sukari inagandisha, na ukishaanika sisimizi nao wanakuja kuhesabu. Kisha fikicha kidogo, maana noti zilizotembea huwa zimefura, hazilali kama za benki.

Rimu mpya sikutaka kuiharibu. Nikachukua kopi zilizoharibika, za mtihani wa majaribio wa Kiswahili, darasa la nne. Maandishi nikayageuzia ndani, viwili viwili vikitazamana, mgongo mweupe nje. Nikafunga kwa rababendi. Zile rababendi huwa nazitundika kwenye msumari dirishani, na jua la Dar linazikausha mpaka zinapasuka vimstari. Niliviona. Nikasema itavumilia dakika tano.

Dogo wangu wa dukani nikampa simu ashike, nikamwonya, "Usitikise hata nyumba ikiungua." Joto lile, pangaboi nikaliweka namba tano. Watu wakaingia, sitini na kitu. Nikaketi, miguu juu ya meza, bunda sikioni, nachezesha pembe kwa kidole gumba, trrrr, nikasema, "Pesa haipigi kelele. Pesa inanong'ona."

Tap.

Rababendi ilikatika ikanichapa kidole, na kidole kikichapwa mkono unafunguka wenyewe. Mwekundu wa juu ndiye aliyeondoka wa kwanza. Nilimwona akipanda polepole, akageuka ubavu, akaelekea nyuma ya mashine ya fotokopi, na macho yangu yote yakamfuata, kwa sababu katika milioni ile yeye na mwenzake ndio walikuwa wanangu wa kuzaa. Nyuma yake vile vipande vikapaa, na kila jozi iliyokuwa imetazamana ikaachana hewani. Kimoja kikashuka taratibu, kikatua kwenye ukingo wa meza mbele ya kamera, kikanasa pale. Dogo hakukitoa. Si nilimwambia asitikise?

Kwa hiyo wakati mimi nipo chini ya mashine namvuta mwanangu kwa rula, nchi nzima inasoma: "9. Kamilisha methali ifuatayo: Debe tupu ______. (Alama 2)."

Na laivu jamani huwa inachelewa sekunde kadhaa. Kule kwenye simu komenti zilikuwa bado "Baba lao!", "Tajiri utukumbuke", mimi nimeshapiga magoti. Dogo ananisomea kwa sauti, anafurahi. Halafu akanyamaza. Halafu akaanza tena: "Haliachi kuvuma." "Haliachi kuvuma." "Mwalimu, tukipata zawadi inatoka kwenye lile bunda?" Mmoja akaomba swali la kumi. Ya mwisho dogo aliisoma kwa kunong'ona: "Naona biashara imeamka. Nakuja."

Alikuja. Na wanachama wawili na daftari. Akawachukua wekundu wote wawili, akaandika bado 80,000, akanywa maji yangu, akaondoka. Yule wa Dubai ameweka kopa tu kwenye klipu, neno hata moja hakuandika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kilichobaki ni mjomba wa Singida. Bando la laivu hana, klipu hajaiona, ila ile picha ya gari ilimfikia. Kesho jioni anashuka Mbezi na mazungumzo ya ada za watoto wawili, na ameshasema nisihangaike na bodaboda, goti linamsumbua, nije na ile nyeupe. Mwenye Crown ambaye bima yake inakaribia kuisha apite dukani kesho mchana, kopi ni bure.