Si Unabadilisha Jina Tu?

Mteja aliingia Jumatatu, harusi ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Akafungua simu, akanionyesha kadi niliyomtengenezea rafiki yake mwaka jana, akasema anataka kama hiyo hiyo. Nilipotaja bei akacheka. "Sasa kaka, si unabadilisha jina tu?"

Kila anayekula kwa kadi za harusi, mabango na fulana anaijua sentensi hiyo. Inachoma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Faili kweli ipo. Maua yapo, fremu ya dhahabu ipo, fonti zilishachaguliwa na rangi zilishapatana. Kazi ya usanifu siku hizi, iwe ya kadi au ya skrini ya simu, imejaa vipande vya namna hiyo vinavyotengenezwa mara moja na kutumika mara mia. Wapo wanaosema hapo ndipo ufundi ulipokomaa. Wapo wanaosema hapo ndipo ulipofia. Mimi navitumia kila siku, na bado siwezi kusema upande mmoja umekosea wote.

Tuanze na hesabu. Tuseme kadi ya kuanzia ukurasa mtupu inakula saa tatu. Kadi inayotoka kwenye kiolezo, yaani faili iliyokwisha kupangwa ya kubadilisha maneno tu, au tempuleti kama tunavyosema dukani, inakula dakika arobaini. Lakini kiolezo chenyewe, kikitengenezwa kwa uangalifu, kila leya, yaani tabaka la mchoro, ina jina lake, rangi zote zinabadilika kwa kubofya mara moja, kinakula saa nane. Kila kadi inaokoa saa mbili na dakika ishirini, kwa hiyo mtaji unarudi kwenye kadi ya nne. Kabla ya hapo uko kwenye hasara. Wanaosifia violezo huiruka hatua hii. Nina kiolezo cha cheti cha mafunzo nilichokijenga kwa siku nzima kwa ajili ya ofisi moja, na ofisi hiyo ikaagiza vyeti mara moja tu. Faili bado ipo, safi kama sahani za wageni kabatini.

Halafu kuna muda ambao kiolezo hakiugusi kabisa. Mteja anatuma jina la bwana harusi asubuhi, la ukumbi mchana kwa ujumbe wa sauti uliojaa kelele za daladala, na usiku wa manane anakumbuka kwamba jina la baba mkwe linaandikwa kwa y, si kwa i. Dawa niliyoipata ni fomu ya ukurasa mmoja: majina ya wazazi wa pande zote mbili, mahali pa ibada, ukumbi, saa, kadi za singo ni ngapi na za dabo ngapi, namba za kupokelea mchango, na nani mwenye kauli ya mwisho. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kizito, maana bila hicho shangazi mmoja atakuja na rangi zake wakati karatasi iko kwenye mashine. Fomu hiyo imeniokolea muda kuliko programu yoyote niliyowahi kuinunua. Mtu anayeniuliza aanzie wapi kuharakisha kazi, namwambia aanzie hapo, kompyuta mpya isubiri.

Majina ya waalikwa nayo yana habari yake. Programu za usanifu kama CorelDRAW na InDesign zinaweza kuchukua orodha kutoka Excel na kuimwaga kwenye kadi, zikatoka kadi 300, kila moja na jina la mgeni wake. Kwa aliyewahi kuandika majina 300 kwa mkono hadi kidole kikafa ganzi, hiyo ni neema. Ila kosa nalo linatoka mara 300. Kuna harusi niliyoibadilisha kila kitu kwenye kadi isipokuwa mstari mdogo wa chini, ambako ilibaki namba ya mwenyekiti wa kamati ya harusi iliyotangulia. Yule bwana, aliyekwisha kuvunja kamati yake miezi sita nyuma, akaanza kupigiwa simu na watu asiowajua wakiuliza mchango utumwe kwa njia gani. Alikuwa muungwana, hakupokea hata shilingi. Tangu siku hiyo kila sehemu inayobadilika kwenye violezo vyangu imeandikwa kwa wekundu wa kutisha, ili nikisahau, jicho lishtuke.

Wanaodai kwamba vipande vya kurudia ni ugonjwa wa kompyuta, mimi huwaelekeza kwenye kabati la mama zao. Kanga ni kiolezo. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, upande wa chini, ina jina. Kitambaa chenyewe ni cha karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Umbo hilo halikushuka tu: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba, wanaziunga kwa sindano hadi zinakuwa nguo ya kujifunga, kisha wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake zinajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limeishi kwa umbo hilo hilo vizazi kwa vizazi. Mchoraji wa kanga haamki asubuhi kujiuliza pindo liwepo au lisiwepo. Akili yake yote iko kwenye maua ya mji, kwenye rangi, na zaidi kwenye jina, maana mnunuzi husoma kwanza ndipo apapase kitambaa. Ndiyo maana pia kanga huwahi tukio. Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008, zilitoka kanga zenye sura yake, na waliozitengeneza hawakuhitaji kubuni nguo mpya. Walihitaji kujua cha kuweka katikati na cha kusema.

Huo ni upande wa vipande kwa ubora wake. Hakuna anayelalamika kwamba kanga zote zinafanana, ingawa kwa vipimo zinafanana kweli.

Kwenye skrini, mfano ninaoupenda ni wa serikali ya Uingereza. Mwaka 2012 ilizindua tovuti ya GOV.UK ili kuzikusanya tovuti za wizara na idara mahali pamoja, na mwaka 2018 ikatoa hadharani mfumo wake wa usanifu: vitufe, visanduku vya kujazia, ujumbe wa makosa, vyote na maelezo ya lini kipande kitumike na lini kisitumike. Chukua kipande cha tarehe. Kwa tarehe ambayo mtu anaikumbuka, kama ya kuzaliwa, wanashauri visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, mtu aandike mwenyewe, badala ya kalenda ya kubofya inayomrudisha mzee wa miaka sabini nyuma mwezi kwa mwezi. Uamuzi huo umefanyika mara moja, umejaribiwa na watu, na kila idara inauchukua ukiwa tayari. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya kompyuta yanayoendesha vipande hivyo, ni wa bure kwa yeyote. Fonti haimo katika ukarimu huo. Inatokana na herufi za alama za barabarani za Uingereza walizozibuni Jock Kinneir na Margaret Calvert, na nje ya huduma za GOV.UK hairuhusiwi. Mkopeshaji mwenyewe anajua kipi ni kitufe na kipi ni sura yake.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kipande kinachotumika tena ni uamuzi wa mtu uliofungwa kwenye mfuko. Ukikichukua, umeokoa muda wa kuamua, na umekubali kuamuliwa. Pale ambapo ungeamua vivyo hivyo, ni faida tupu. Pale ambapo hali yako ni nyingine, unaingia kwenye viatu vya mtu asiyekujua.

Violezo vingi vya bure vya kadi vimechorwa na watu ambao kadi kwao ni majina mawili, tarehe na mahali. Kadi yetu inaalika kwa jina la familia, ina nafasi ya Mhe., Dkt., Bw. na Bi. na nukta za kuandikia jina, ina singo au dabo pembeni, na ina orodha ya simu za kamati. Ukivilazimisha vyote hivyo ndani ya kiolezo cha majina mawili, herufi zinapungua hadi bibi anahitaji miwani miwili. Saa ndiyo kichekesho zaidi. Nimeshika kwa mikono yangu kadi iliyoandikwa "saa 6:00 jioni". Aliyeitengeneza alifuta ile alama ya Kiingereza ya jioni, akaweka neno letu, akaiacha tarakimu ya kigeni ilivyokaa. Saa sita jioni haipo duniani. Programu za simu nazo zina msiba wake: kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kinapasuka kikiambiwa kibebe "Wasilisha maombi".

Na wanafunzi wa kazi hii? Hapa nina wasiwasi, ingawa si mkubwa kama wa wazee wenzangu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege wake Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na jamaa na wanafunzi wake wameendelea kuyarudia maumbo yale hadi leo. Watalii wananunua, na wako wanaonung'unika kwamba picha ni zile zile. Sawa, lakini mwanafunzi wa Tingatinga akimrudia chui, mkono wake unapita kila doa. Baada ya chui wa mia, mkono unamjua chui. Kijana anayebadilisha jina kwenye kiolezo hapiti popote. Nimempokea mmoja mwenye kadi nzuri kwenye simu yake, nikampa ukurasa mtupu na mstari mmoja wa maneno aupange, akakaa kama aliyeambiwa ajenge nyumba.

Sasa, ule muda uliookolewa ni wa nani? Ningependa kusema ni wa fundi. Mara nyingi ni wa mteja. Nikitumia dakika arobaini badala ya saa tatu, mwezi wa kwanza napumua. Mwezi wa pili jirani mwenye faili kama langu anashusha bei, nami nashusha, na mwisho wa mwaka natengeneza kadi mara tatu ya zamani kwa kipato kile kile, huku mteja ameshazoea kuipata leo leo. Anayetoza kwa saa ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa kila akizidi kuwa mwepesi anajikata mshahara. Halafu kuna Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni iliyoanza Australia mwaka 2013, inayompa mtu yeyote mwenye simu violezo visivyohesabika. Mafundi wengi wanailaani. Mimi nikimwona mama lishe ameweka bango la bei za chakula alilolitengeneza mwenyewe, linasomeka, siwezi kusikitika. Hakuwa mteja wangu, bango lake la jana lilikuwa boksi na makapeni.

Yule mteja wa Jumatatu nilimkubalia. Nikamwambia sawa, tunabadilisha jina, ila tujaze fomu kwanza. Tulipofika kwenye wazazi wa bibi harusi akanyamaza kidogo. Baba amefariki mwezi wa tatu. Kiolezo changu kinaanza na "Bwana na Bibi fulani wanayo furaha". Mama hataki kuandikwa peke yake, baba mdogo ndiye atakayesimamia, lakini akiandikwa yeye mbele itaonekana marehemu amesahaulika, na ukoo wa baba utasema. Tuliandika, tukafuta, akampigia dada yake, tukaandika tena. Mstari ule mmoja ulituchukua saa nzima na robo. Kadi iliyobaki niliimaliza kwa nusu saa, na bei hakuiuliza tena.